Leso ya Mkaguzi na Cheni ya Desimali

Idara ya maji ilikuwa na wasoma mita watano, na mmoja wao aliitwa Desimali. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Wenzake walimbatiza hilo jingine kwa sababu ni yeye peke yake aliyeandika tarakimu zote za mita, hata zile nyekundu za mwisho ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziulizia. Wateja waliokuja ofisini wamefura kwa hasira, wakiambiwa kwamba mtaa wao unasomwa na Desimali, walikunja karatasi zao wakarudi nyumbani kimya kimya.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwembamba, mwenye goti la kulia lisiloelewana na ngazi. Mtaa wake ulikuwa wa mlimani: mita mia tatu na kumi na mbili, nyingi kati yake zikiwa juu kabisa, kule ambako hata mbwa hupanda kwa kupumzika. Kwa pikipiki ya ofisi aliumaliza kwa siku tisa. Kwa miguu, alishapiga hesabu, ungemchukua siku kumi na saba, na goti halikuingizwa kwenye hesabu hiyo.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa ubaoni Jumatatu alilisoma mara mbili. Ukaguzi wa pikipiki ungefanyika Ijumaa saa tatu asubuhi. Pikipiki itakayofeli hata kipengele kimoja itakabidhiwa mafundi bomba, na msomaji wake atatumia miguu. Maneno mawili ya mwisho yalikuwa yamepigiwa mstari.

Vipengele vilikuwa vinne: matairi, breki, taa na cheni. Vitatu vya kwanza havikumkosesha usingizi. Cha nne kilikuwa na mambo yake.

Mkaguzi alikuwa afisa usafiri, mtu nadhifu wa shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo, ambaye kwa miaka kumi na moja alisimamia pikipiki zote za idara bila kupanda hata moja. Watu walimwita Bwana Leso, akiwa hayupo. Akifika kwenye cheni, alitoa mfukoni leso nyeupe pe, akaikunja mara nne, akainama, akaipitisha kwenye cheni kiasi cha shubiri moja. Leso ikitoka nyeupe, umepita. Ikitoka na weusi, umefeli, na hakuna rufaa.

Kwa hiyo wasoma mita wote walijua la kufanya. Siku moja kabla ya ukaguzi, cheni iliogeshwa kwa petroli, ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa kama kijiko kipya, kisha ikafutwa mpaka ikakauka kau. Oili haikutiwa hata tone, maana oili hushika vumbi, na vumbi huonekana kwenye leso. Bingwa wa kazi hii alikuwa kijana mmoja mwenye haraka zake, wakimwita Chapuchapu. Cheni yake ungeweza kujitazamia ndani ukanyolea ndevu.

Desimali naye mwaka uliopita alifanya hivyo hivyo. Alipita, akasifiwa mbele za watu. Lakini alikuwa na daftari, na daftari halikumsifu. Kila Jumamosi alipima kwa rula ulegevu wa cheni, yaani inapanda na kushuka kiasi gani ukiisukuma kwa kidole katikati. Wiki ya ukaguzi: milimita ishirini na tano. Wiki ya tatu: ishirini na tisa. Wiki ya sita: thelathini na tano. Wiki ya tisa: arobaini na moja, na siku hiyo hiyo cheni iliruka kutoka kwenye meno, kwenye kona kali kuliko zote, akaisukuma pikipiki kilomita mbili na nusu huku watoto wa shule wakimhesabia hatua. Baadaye alifungiwa cheni mpya, akakata kiungo kimoja cha ile ya zamani na kukifungua mezani. Pini iliyo ndani ilikuwa imelika upande mmoja na kugeuka rangi ya kutu. Nje ilikuwa safi kabisa.

Hapo aliamua kwamba mwaka huu hatakausha cheni. Hakuapa wala hakumtangazia mtu. Aliandika tu katika daftari, chini ya ile arobaini na moja: *Mwakani, oili.*

*

Alhamisi alasiri alirudi mapema, akaisimamisha pikipiki uani kwa stendi ya kati, gurudumu la nyuma likielea. Akaweka gia huru, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni. Hili la ufunguo hakulifanyia mzaha. Alimjua fundi mmoja aliyependa kuwasha injini ili cheni ijizungushe yenyewe akiifuta. Siku hizi akihesabu vidole vyake anaishia nane.

Mama mkwe wake alivuta kigoda akaja kuketi karibu. Alikuwa ameshona nguo miaka arobaini, na cherehani yake, ambayo ilikuwa kongwe kumshinda mwanawe, mpaka leo ilikata mbio bila kulalamika. Katika mambo ya mashine hakuwa mtu wa kuambiwa.

"Mwanangu, hicho kikombe si cha chai?"

"Kilikuwa, mama. Kina ufa."

"Na hicho ulichotia humo?"

"Mafuta ya taa."

"Na huo mswaki?"

"Wa mwanao."

"Anajua?"

"Atajua jioni."

Mama mkwe aliangua kicheko, akavuta kigoda karibu zaidi.

Desimali alichovya brashi ndogo kwenye mafuta ya taa, akaanza na sehemu ya chini ya cheni, ile inayopita karibu na ardhi, akiweka gazeti lililokunjwa nyuma yake ili uchafu usiruke kwenye tairi. Alisugua nje, akasugua ndani, akasugua juu na chini. Kisha akazungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono na kuanza sehemu nyingine. Petroli hakuitaka. Inakausha mno, na ni nyepesi kushika moto. Pale brashi iliposhindwa kuingia, mswaki uliingia. Uchafu ulitoka mweusi na mzito kama lami, wenye chembe za mchanga ndani. Alizisikia chembe zile zikikwaruza chini ya mswaki, na kila alipozisikia alirudia.

Alipomaliza mzunguko wa tatu alichukua matambara ya pamba, akaishika cheni kwa kiganja kilichojaa tambara na kuzungusha gurudumu taratibu, tambara baada ya tambara, mpaka la mwisho likatoka na kivuli tu cha kijivu. Akaiacha ipigwe na upepo nusu saa. Akanawa mikono, akanywa chai kwenye kikombe kisicho na ufa.

Kisha ikaja oili. Ilikuwa oili ya gia, nzito, ya rangi ya asali, na aliitia kwenye chupa ndogo iliyokuwa ya rangi ya nywele, yenye mdomo mwembamba kama sindano. Alitia alama ya chaki kwenye kiungo cha kwanza. Cheni ile ilikuwa na viungo mia na kumi na nane, na kila kiungo kilistahili tone lake, upande wa ndani, pale ambapo vyuma vinapishana, ili gurudumu likizunguka oili isukumwe kwenda nje na njiani ipite inapotakiwa.

"Sabini na moja," alihesabu. "Sabini na mbili. Sabini na tatu..."

"Mwanangu, vitunguu umenunua?"

"Nimenunua, mama. Viko nyuma ya mlango. Sabini na..."

Hesabu ilimpotea. Mama mkwe akatazama angani kama mtu aliyepita tu hapo.

Mtu mwingine angekisia. Desimali alihesabu viungo ambavyo bado vilikuwa vikavu, kimoja kimoja, kwa ncha ya msumari. Vilikuwa arobaini na vitano. Mia na kumi na nane ukitoa arobaini na tano ni sabini na tatu.

"Sabini na nne," alisema, akaendelea.

"Mungu alikuwa na kazi alipokuumba wewe," alisema mama mkwe.

Saa nzima baadaye, oili ilipokwisha kuzama, Desimali alichukua tambara safi na kuanza kuifuta cheni kwa nje. Hapo ndipo mama mkwe alipoinuka kwenye kigoda.

"Ngoja kwanza. Unapaka, halafu unafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa huko si ndiko kuipaka mafuta kwa mgongo wa chupa? Mimi cherehani yangu naitia mpaka inanidondokea mapajani, ndiyo najua imeshiba."

"Inayotakiwa ni iliyo ndani. Iliyobaki nje kazi yake ni kukusanya mchanga tu."

"Umeinyima, mwanangu."

"Imepata matone mia na kumi na nane."

Mama mkwe alinyamaza kama anavyonyamaza mtu ambaye hajakubali. Desimali, aliyeweza kusoma mita yenye kioo kilichopasuka gizani chini ya kifuniko, hakuusoma ukimya ule. Alipima ulegevu, akapata milimita ishirini na tano kamili, akaandika, akaenda kukaanga vitunguu.

*

Ijumaa, saa mbili kasorobo, alitoka ndani kwenda uani ameshika kofia ngumu, akamkuta mama mkwe amechuchumaa kando ya pikipiki na kopo tupu mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipa fadhila.

"Nimekumalizia," alisema.

"Umenimalizia nini, mama?"

"Ulikuwa umeibania. Sasa imeshiba."

Lilikuwa kopo la mafuta ya cherehani, robo lita. Yote yalikuwa kwenye cheni, na yaliyokosa nafasi kwenye cheni yalikuwa sakafuni, yakitambaa polepole kuelekea kwenye kigoda. Mafuta ya cherehani ni mepesi kama maji. Yalikuwa yameivuruga ile oili nzito na kuitoa nje pamoja na ukungu wa weusi uliokuwa umebaki ndani kabisa. Cheni ilikuwa ikichuruzika.

Desimali alitazama saa. Kutoka hapo hadi yadi ya idara ni dakika thelathini na tano. Alikuwa na dakika arobaini za kutenda la kutenda.

"Mama," alisema, "umefanya kwa mapenzi."

"Si ndiyo!"

"Basi nisaidie kufuta."

Walifuta wote wawili, mmoja akizungusha, mwingine ameshika tambara. Lakini kabla ya yote Desimali aliosha tairi la nyuma kwa sabuni na maji ya moto, maana matone yalikuwa yameligusa, na tairi lenye mafuta haliulizi una ukaguzi au huna. Cheni kila ilipofutwa ilitoa mengine. Mama mkwe alipoona matambara yanaisha, uso ulianza kumshuka.

"Nimekuharibia?"

"Hujaharibu. Cheni haitadhurika. Itachafua leso tu."

Alimweleza kuhusu leso, kwa maneno machache. Mama mkwe alishika kiuno.

"Kwa hiyo wenzako zimekauka?"

"Kau."

"Petroli unayo?"

"Iko kwenye rafu."

"Si uifute ikauke, kama ya wenzako? Dakika kumi tu. Upite, urudi nayo nyumbani, tuitie tena."

Ushauri haukuwa mbaya, na Desimali aliupima kwa haki. Dakika kumi zilikuwepo. Angepita. Lakini mafuta yaliyo ndani ya viungo yakishatolewa na petroli hayarudi kwa kupaka juu juu, ingembidi arudie kazi yote ya jana. Na mwakani tena, na mwaka mwingine tena, na kila mwaka wenzake wangeendelea kukausha cheni kwa sababu kila mtu amepita. Siku ya kumwambia mkaguzi kwamba kipimo chake ni kibaya ingekuwa ipi? Mtu akiwa na cheni kavu hana cha kumwonyesha.

"Nikiikausha nitapita leo," alisema, "na baada ya wiki tisa nitasukuma."

"Na wakiichukua?"

"Nitatembea kuanzia Jumatatu."

Alivaa kofia. Alivaa pia daftari, yaani alilifunga kiunoni ndani ya mfuko wa plastiki, akaondoka akiwa na roho mkononi.

*

Yadini pikipiki nne zilikuwa zimeshapangwa mstari. Chapuchapu alimwona anavyoingia, akamtazama kuanzia viatuni. Mguu wa kushoto wa suruali yake ya kijivu ulikuwa umejaa madoa kuanzia kwenye pindo hadi gotini.

"Dada Desimali! Suruali imepata tetekuwanga?"

"Ni oili," alisema Desimali, akiisimamisha pikipiki kwenye stendi. "Hamjuani, wewe na yeye. Niwatambulishe?"

Wenzake walicheka. Chapuchapu hakuwa mtu wa kununa, alicheka pia, kisha akachungulia cheni ya Desimali na kicheko kikamwisha.

"Dada. Umeitia oili siku ya ukaguzi?"

"Jana."

"Basi kanunue viatu."

Bwana Leso alitoka ofisini saa tatu kamili, fomu kwenye ubao, kalamu sikioni. Aliwapitisha watatu wa kwanza bila tatizo. Kwa Chapuchapu aliinama, akapitisha leso, akainuka nayo nyeupe. "Mfano mzuri," alisema. Chapuchapu aliinama kidogo kama bwana harusi.

Kisha akafika kwa Desimali. Matairi, yamepita. Breki, zimepita. Taa, zimepita. Leso ilikunjwa mara nne, ikapitishwa kwenye cheni, ikainuliwa. Katikati yake palikuwa na mstari wa kahawia iliyokolea, mpana kama kidole, unaong'aa.

Mtu mmoja nyuma alipiga mluzi wa chini, kama wa kumsindikiza maiti.

"Nasikitika," alisema Bwana Leso, na kwa kweli alionekana kusikitika, lakini kalamu ilikuwa imeshatoka sikioni.

"Mkuu," alisema Desimali, "kabla hujaandika, naomba kuuliza. Hiyo leso inapima nini?"

"Usafi wa cheni."

"Cheni ina kazi gani?"

"Kuvuta gurudumu," alisema Bwana Leso, aliyekuwa amesoma.

"Basi naomba tuipime inavyovuta."

"Dada yangu, utaratibu sikuutunga mimi. Nimeukuta. Mtangulizi wangu alikuwa fundi hasa, wa kusomea, na alikagua hivi hivi. Nilimwona kwa macho yangu, mwaka wangu wa kwanza: anainama kwenye cheni, anainuka na leso."

Kutoka dirisha la stoo kililipuka kicheko. Mtunza stoo, mama mnene ambaye idara nzima ilimwita Shangazi na aliyekuwa hapo tangu pikipiki ya kwanza iletwe, alikuwa ameegemeza viwiko dirishani na kikombe cha chai.

"Alikuwa anafuta mikono!" alisema.

"Nani?"

"Huyo mtangulizi wako, baba! Alikuwa anaishika cheni kwa vidole, anaivuta hivi, anaikunjakunja hivi, akiikuta kavu anakutukana wewe na ukoo wako mzima. Akimaliza ndiyo anatoa leso, anafuta vidole. Wewe ulifika mwishoni."

Watu walivunjika mbavu. Chapuchapu alishika usukani asianguke. "Na kila mwaka," Shangazi aliendelea, hakuna aliyemwomba, "miezi miwili baada ya huo ukaguzi wenu wa leso, mnanipangia foleni hapa dirishani, Shangazi naomba cheni, Shangazi naomba cheni. Nikadhani mnazila."

Masikio ya Bwana Leso yalikuwa yamegeuka rangi. Alitazama fomu, akatazama leso, na kalamu ikashuka kuelekea kwenye karatasi.

Desimali peke yake hakuwa amecheka. Haikuwa huruma. Alijua tu kwamba mtu akichekwa huandika haraka, na kilichokuwa kikitaka kuandikwa pale kilikuwa miguu yake. Mtu huyu alihitaji kazi ya kufanya, tena yenye tarakimu.

"Mkuu," alisema, "wewe ndiye mwenye jicho la kuhesabu. Mimi nikihesabu watasema napendelea. Naomba utuhesabie mizunguko."

"Mizunguko gani?"

Alimwonyesha. Alitia alama ya chaki kwenye tairi la nyuma la Chapuchapu na nyingine kwenye lake. Pikipiki zote mbili stendi ya kati, gia huru, ufunguo nje. Mtu mmoja asukume kila gurudumu mara moja, kwa nguvu ile ile. Na ili asiseme mtu ameonewa, msukumaji awe Chapuchapu mwenyewe.

Bwana Leso alifikiri kidogo, akachuchumaa. Alichuchumaa vizuri, akivuta suruali magotini kwanza.

Chapuchapu alisukuma gurudumu lake. Cheni ile inayong'aa ilitoa sauti ya mtu anayetafuna mchele mbichi. Alama ya chaki ilipita mara moja, ikapita mara ya pili, ikajikongoja, ikasimama.

"Mbili na robo," alisema Bwana Leso.

Akasukuma la Desimali. Halikutoa sauti yoyote ya maana. Alama ilipita, ikapita, ikapita, na midomo ya Bwana Leso ilikuwa ikicheza bila sauti.

"Saba," alisema. Kisha, baada ya kutazama tena: "Na kitu kidogo."

"Breki yake imelegea!" Chapuchapu alipaza sauti. "Ndiyo maana!"

"Breki yangu imepita, na yako imepita, sasa hivi, kwenye fomu hiyo hiyo," alisema Desimali. "Au mkuu amekosea?"

"Sijakosea," alisema Bwana Leso.

"Hajakosea," alikubali Chapuchapu haraka.

Desimali alitoa rula. Ulegevu wa cheni yake ulikuwa ishirini na tano. Wa Chapuchapu ulikuwa thelathini na nane. Akaishika ile inayong'aa kwa chini na kuikunja kwa kidole. Viungo vitatu vilikunjika na kubaki vimekunjika, kama wazee waliogoma kuinuka kwenye benchi. Kisha akafungua mfuko wa plastiki, akamwonyesha Bwana Leso safu ya mwaka jana daftarini, kutoka ishirini na tano hadi arobaini na moja, na tarehe ya kusukuma.

Bwana Leso alisoma safu yote kwa kidole. Alikuwa mtu mwaminifu, alichokiona alikiona. Lakini alibaki amechuchumaa, na shida yake ilikuwa usoni waziwazi. Tarakimu zilikuwa upande mmoja, utaratibu upande mwingine, na yeye alikuwa ameajiriwa na utaratibu.

"Ningekuwa na karatasi," alisema kwa sauti ya chini. "Kitu kilichoandikwa. Siwezi kubadili kipimo kwa sababu gurudumu limezunguka."

"Karatasi ya nini?" Shangazi aliuliza dirishani. "Vitabu vya pikipiki vilivyokuja na maboksi ninavyo hapa vyote. Hakuna aliyewahi kuviomba."

Alirudi na kimoja, bado kimefungwa kwenye nailoni yake. Bwana Leso aliichana nailoni kwa uangalifu, akafungua orodha ya yaliyomo, akatembeza kidole, akafika ukurasa. Alisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma hati ya kurithi nyumba: cheni isafishwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe oili nzito kila kilomita mia tano, oili ya ziada ifutwe, ulegevu uwe kati ya milimita ishirini na thelathini, cheni isiendeshwe ikiwa kavu.

Alirudia mstari wa mwisho. Kisha akainuka, na uso wake ulikuwa umenyooka kama shati lake.

"Utaratibu upo," alisema. "Haukusomwa tu."

Kwenye fomu ya Desimali aliandika *imepita*, na kwa kuwa kitabu kilitaka hivyo, akaongeza chini: *oili ya ziada ifutwe.*

"Hiyo ya ziada ni ya mama mkwe wangu," alisema Desimali.

"Mwambie inatosha," alisema Bwana Leso. Aliwarudia wale wanne, akafuta alichokuwa amewaandikia kwenye kipengele cha cheni, akawapa wiki moja ya kuzipaka. Ijumaa ijayo atakuja na rula. Chapuchapu aliguna, lakini hakuchelewa kusogea karibu.

"Dada. Hayo mafuta ya taa unatia kiasi gani?"

"Kikombe kimoja. Njoo kesho saa kumi."

"Nije na nini?"

"Na muda," alisema Desimali. "Haraka zako ziache nyumbani."

Kisha akaifuta cheni kama fomu ilivyoagiza, akanawa, akapanda, akaelekea mlimani.

*

Juu kabisa ya mlima palikuwa na nyumba yenye lango la bati, na mwenye nyumba hiyo alikuwa hayupo kwa miezi mitano mfululizo. Desimali alilijua hilo kwa sababu kila mwezi mwenyewe alimwambia. Alikuwa akifika, anakuta lango limekomewa kwa ndani, anabisha, na sauti nene ya kiume inamjibu nyuma ya pazia: "Mwenyewe hayupo!" Kwa miezi mitano mita yake ilikuwa imekadiriwa, na kukadiria kulimuuma Desimali kuliko goti.

Hakuwahi kuelewa mtu yule anajuaje saa ya kujifungia. Leo aliipanda ile kona kali kwa gia ya pili, akasikia injini, akasikia upepo kofiani, akasikia kuku wa watu. Hakusikia kitu kingine chochote. Miezi yote ile mlima huu ulikuwa ukimsikia anapanda tangu chini, mchanga ukisagika kwenye cheni, krrr, krrr, kwa dakika nne nzima, muda wa kutosha mtu kumaliza chai yake, kukomea lango na kuingia ndani.

Lango lilikuwa wazi. Mwenye nyumba alikuwa barazani, amekaa kwenye kiti cha plastiki, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Ndara zake zilikuwa mbali, karibu na mlango.

Walitazamana.

"Umefikaje hapa?" aliuliza mzee yule.

"Shikamoo mzee. Kwa pikipiki."

"Marahaba. Mbona sijasikia?"

"Imepakwa oili."

Mzee alizitazama ndara zake. Akalitazama lango. Akafungua kinywa, na ile sauti nene ikaanza yenyewe, kwa mazoea: "Mwenyewe..."

"Yupo," alisema Desimali, akifungua daftari. "Samahani, mzee, inua miguu. Mita iko chini ya beseni lako."

Mzee alishusha pumzi ndefu, akainuka ndani ya beseni, akashika kiti kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, akatoa miguu majini, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Basi shika upande wako," alisema. "Beseni zito hili, tulisogeze pamoja."